Ukitaka Jina Lako Kwenye Chupa, Lipa Kwanza

Nyumbani kwa mama mkubwa, kule Seme, chumvi inakaa ndani ya chupa iliyoandikwa “Krismasi Njema, Babe”. Mbegu za maharagwe ziko kwenye nyingine yenye jina la Faith, na Faith mwenyewe hakuna anayemjua hapo bomani. Kabatini kuna chupa kumi na tatu za aina hiyo, na nyingine saba ziko chini ya kitanda. Zote ishirini niliziagiza mimi mwaka jana kwa niaba ya watu wa mtandaoni ambao hawakuja kuzichukua. Ndiyo maana naandika haya sasa, Novemba ikiwa bado changa, kabla hamjaanza kuulizana nani anauza zawadi poa za Krismasi.

Anayezichora ni binti ya mama mkubwa. Wengine wangemwita binamu yangu. Kwa hesabu ya Kijaluo ni dada, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Anachora kwenye kioo: chupa za mvinyo, chupa za jemu, vipande vya dirisha vilivyobaki kwa fundi. Ukiweka mshumaa ndani unapata taa. Mwaka mzima huuza moja moja, kwa harusi, kwa mwalimu anayestaafu, kwa mgeni aliyesimama njiani akienda kuona Kit Mikayi. Lakini pesa yenyewe, ile ya mabati na karo, iko kwenye wiki tano za kabla ya Krismasi, wakati Kisumu inapojaa meza za maonyesho ya kazi za mikono, kwenye hoteli, kwenye viwanja vya kanisa na mbele ya majumba ya maduka.

Sisi wa mjini tunaiona meza hiyo Jumamosi moja. Tunapiga picha, tunasema kazi safi, tunaenda zetu. Hebu nikurudishe nyuma hadi Septemba.

Kazi inaanza na chupa tupu, na chupa tupu si za bure. Za soda na bia hazifai kwa sababu zina kreti inayozisubiri dukani. Zinazobaki ni za mvinyo, za pombe kali na za vyakula. Hizo za pombe kali zinagombaniwa, maana wanaotengeneza pombe bandia wanazitaka zikiwa na lebo na kifuniko chake, na mkusanya chupa anajua nani analipa vizuri zaidi. Kwa hivyo dada anashindana na wahalifu kwenye soko la takataka, jambo ambalo sijawahi kulisikia likitajwa kwenye zile semina za vijana na biashara.

Chupa inalowekwa kwenye maji moto yenye magadi hadi lebo na gundi vitoke, kisha inapanguswa kwa spiriti. Baada ya hapo haruhusu mtu aiguse. Kioo hakinywi rangi kama karatasi ama kitambaa. Rangi inakaa juu tu, na alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuifanya ibanduke baadaye. Nimefukuzwa kwenye kibanda chake mara mbili kwa kosa la kushikashika.

Rangi ikikauka inachomwa ili ishike. Kikopo anachotumia kinasema nyuzi 160 kwa dakika 40, kwenye oveni. Oveni ya dada ni sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, ile ile ambayo akina mama wengi hupikia keki. Chupa inaingia sufuria ikiwa baridi, moto unapanda polepole, na hakuna kufunua hadi asubuhi, maana kioo cha moto kikikutana na hewa ya usiku kinapasuka. Hana kipimajoto. Anaweka kipande cha karatasi nyeupe ndani, kikigeuka rangi ya chai ya maziwa anajua moto umefika. Kwa usiku mmoja anatoa chupa tano, sita kama ni ndogo.

Na haya yote yanaangukia msimu wa mvua za vuli. Rangi inakataa kukauka. Makaa yanalowa. Stima inapotea, na ikirudi, taa inawaita wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka majini kwa mawingu kama moshi, na kila mmoja wao ameamua kufia kwenye rangi mbichi. Mimi nina chupa ambayo mawingu yake ni wadudu kweli. Siiuzi.

Anachochora ndicho kinachonifanya niringe naye. Ngege na sangara, mitumbwi yenye tanga, ua la zambarau la gugumaji (kwenye chupa linapendeza, ziwani ni balaa), yale mawe ya Kit Mikayi yaliyobebana. Lakini bora kuliko zote ni taa za wavuvi wa omena. Anapaka chupa nzima samawati nzito inayokaribia weusi, kisha kabla haijakauka anakwangua nukta ndogo ndogo kwa ncha ya sindano. Mchana unaona chupa nyeusi tu, unaweza kuipita. Usiku ukiwasha mshumaa ndani, ziwa linatokea, na taa za omena zimejipanga kule mbali utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Kama umewahi kusimama ufukweni usiku usio na mwezi unajua ninachosema.

Halafu mteja wa Desemba anasimama mbele ya meza na kuuliza, “Huna za theluji?” Theluji, Kisumu, ambapo saa nne asubuhi shati lishashikana na mgongo. Anazo. Pesa ni pesa. Mteja simlaumu sana, maana hata kadi za Krismasi tulizokua tukiziona zilikuwa na theluji na wale kulungu.

Kuna jamaa alinitumia ujumbe kwamba kuchora kwenye vioo ni mambo ya wazungu. Akiwaambia Wasenegali hivyo watamcheka. Kule Dakar kuna sanaa inayoitwa souwer, jina lililotoka kwenye Kifaransa, ambapo mchoraji anachora upande wa nyuma wa kioo. Inabidi aanze na vitu vya mwisho, jicho, nyusi, mstari wa nguo, ndipo amalizie na ukuta ulio nyuma ya mtu. Wamechora hivyo masheikh, harusi na vituko vya mtaani kwa vizazi. Karibu na Nairobi, Nani Croze alianzisha karakana ya vioo pale Kitengela, na vioo vilivyotupwa vimekuwa vikigeuzwa huko kuwa glasi na mapambo ya bei ambayo sisi wengine tunaiangalia tu. Na Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka wa 1968, hakuwa na turubai wala rangi za kisanii. Alitumia mbao nyepesi za ujenzi na rangi ya baiskeli. Kwa hivyo dada yuko kwenye familia kubwa, hata kama yeye mwenyewe anawaza tu kama spiriti itafika Ijumaa.

Sasa tuingie kwa pesa.

Mwaka jana alipeleka chupa 60 kwenye maonyesho fulani ya siku mbili hapa mjini. Kila chupa ilikuwa imemla shilingi 130 ukijumlisha chupa yenyewe, rangi, spiriti, makaa, kamba na karatasi. Hiyo ni 7,800. Meza ilikuwa 4,000, na ililipwa mwezi wa Oktoba, kwa mkopo wa chama. Nauli, maboksi kwenye keria ya matatu na chakula cha siku mbili vikala 1,400. Jumla 13,200 kabla hajauza kitu.

Alizipanga kwenye trei za mayai na majani makavu ya migomba, akamsihi makanga kama mtu anayesafirisha mgonjwa. Kutoka kwao hadi Kisian kuna matuta ambayo dereva huyaona yakiwa yashapita. Tano zilifika vipande.

Bei ilikuwa 600. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe kwenye kikaratasi, na hakuna aliyeilipa. Aliuza chupa 31 kwa wastani wa 450 na kupata 13,950. Toa gharama, amebaki na 750. Chupa 24 zikarudi Seme. Anasema kila moja huchukua kama saa tatu ukihesabu kuosha na kupaka mara mbili, kwa hivyo chupa 60 ni saa 180. Gawa 750 kwa 180. Mimi nilipata shilingi nne na senti kidogo kwa saa, nikaweka simu chini.

Wale watu 31 wangelipa bei iliyoandikwa, angebaki na 5,400. Si utajiri, lakini ni sare ya mtoto na rangi ya msimu unaofuata. Tofauti yote kati ya hiyo na 750 ni zile 150 ambazo kila mteja alienda nyumbani akijipongeza kwamba amepunguziwa.

Najua mtaniambia kubishana bei ni utamaduni. Ni kweli, na mimi ni mtoto wa Kibuye, Jumapili nikienda kutafuta viatu vya mitumba siwezi kulipa bei ya kwanza hata kwa bunduki. Lakini pale Kibuye muuzaji ameweka juu ile pesa ya kubishaniwa. Anakuambia 1,200 akijua ni 700, wote mnajua, mnacheza ngoma mnayoifahamu. Dada hajaweka. Nilimshauri aandike 900 ili washuke hadi 600. Alijaribu siku ya pili asubuhi. Watu walisoma kikaratasi kwa mbali wakapita bila kusimama, akairudisha saa tano. Kwa supamaketi hapo hapo karibu, taa za plastiki zilizotoka ng'ambo zilikuwa na bei yake na hakuna aliyemwambia keshia “fanya kitu, nipe ya undugu”.

Hiyo bei ya undugu ndiyo inayoniuma, kwa sababu mimi ni ndugu kweli.

Wiki ile ya maonyesho nilikuwa nimeposti picha ya chupa ya omena ikiwa imewashwa. Ilienda. Watu wakaanza kuniuliza kama anaweza kuandika majina. Nikasema anaweza, bila kumuuliza. Watu 26 waliagiza, kila chupa 500, kuchukuliwa tarehe 20 Desemba hapa Migosi. Dada alinipigia simu, akaniuliza kwa Kijaluo kama wametoa chochote. Nikamwambia, “Dada, hawa ni watu wangu.” Ukweli ni kwamba niliogopa kuomba dipoziti. Niliona nikitaja pesa mapema nitaonekana mwenye njaa, na ukurasa wangu una sura fulani ambayo nimeijenga kwa bidii. Kumbe gharama ya hiyo sura alikuwa akiilipa mtu mwingine, usiku, kwenye moshi wa makaa.

Walikuja sita. Mmoja wa wale wengine alisema ameachana na huyo babe, na angalau huyo alikuwa muwazi. Mwingine alipata gari la kwenda ushago mapema. Mwingine alituma pesa, tukashangilia, kisha akaomba zirudishwe kabla jioni haijafika. Waliobaki walisoma ujumbe wangu na kunyamaza.

Chupa ya omena isiyo na jina unaweza kuiuza Februari. Yenye jina huwezi, na rangi iliyochomwa haitoki. Dada alijaribu wembe kwenye mbili za kwanza, ikatoka rangi pamoja na ung'avu wa kioo, ikabaki kama jicho lenye mtoto. Akaacha. Januari alilipa chama kwa kuuza mbuzi. Mtu huyo huyo, nilipokuwa bado chuoni na nimefungiwa chumba kwa sababu ya kodi, alinitumia pesa za miezi miwili, na ninajua zilitoka kwa chupa kwa sababu hakuna mahali pengine zingetoka. Mimi chuo nilikiacha. Yeye hajawahi kunidai hizo.

Kwa hivyo msimamo wangu mwaka huu ni huu, na najua baadhi yenu mtakunja uso. Ukiagiza kitu cha mkono kwa ajili ya Krismasi, toa nusu siku unayoagiza. Ukitaka jina lako ama la mpenzi wako lichorwe, toa yote, maana kitu hicho kimeshakuwa chako hata kabla hakijachorwa, hakuna mtu mwingine duniani atakayekinunua. Kiswahili kina neno la pesa hiyo ya kutanguliza, arubuni. Si jambo jipya lililoletwa na mafundi wenye tamaa.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito. Vijana wengi tumeliwa mtandaoni. Umetuma pesa za viatu, akaunti ikapotea na pesa zako. Nimeliwa pia, siwezi kumwambia mtu aache kuogopa. Lakini angalia tofauti. Mchoraji wa Seme si picha tu. Ana boma, ana chama, ana mama anayejulikana hadi kanisani, na Jumamosi ya kwanza ya Desemba atakuwa amesimama nyuma ya meza ambayo unaweza kuifikia kwa bodaboda. Ukituma kwa M-Pesa, jina la mpokeaji linakuja kabla hujathibitisha, lisome. Piga simu ya video uone sufuria. Kama bado una wasiwasi, subiri siku ya maonyesho, ununue iliyo mezani kwa bei iliyoandikwa. Usichoweza kufanya ni kuagiza leo kwa mdomo, ukaamua tarehe 20 kama bado unaitaka. Hapo unamfanya yeye benki yako, na benki hiyo inakopa kwa chama.

Waandalizi wa maonyesho nao wana lao. Kutoza meza kwa mkupuo mwezi wa Oktoba kunamchuja mtu kwa ukubwa wa mfuko wake, si kwa ubora wa kazi. Anayeingia bila kuumia ni yule anayeuza vitu alivyonunua kwa jumla, kwa sababu mtaji wake unazunguka mwaka mzima. Ndiyo maana unaweza kuzunguka maonyesho mazima ya “kazi za mikono” ukakuta nusu ya meza zina bangili zile zile kutoka kiwanda kile kile. Mngechukua kiasi kidogo mbele, mfano robo, na sehemu ya mauzo jioni. Mkiwa na shaka na hesabu ya mwenye meza, mauzo mengi siku hizi yanapita kwenye simu, rekodi iko. Na wekeni sehemu yenye giza kidogo. Sitanii. Mtu anayeuza taa amewekwa chini ya hema jeupe saa saba mchana, jua la Kisumu likimulika, halafu tunashangaa mbona wateja hawaoni taa za omena. Mwaka jana dada alilazimika kuwaomba watu wachungulie ndani ya boksi la katoni lililotobolewa shimo. Walionunua bila kubishana sana ni wale waliochungulia.

Kuhusu serikali ya kaunti sina mengi. Semina tumezisikia za kutosha, tungeanza na matuta yaliyopakwa rangi ili dereva ayaone.

Mimi deni langu ni 10,000 kwa zile chupa ishirini, na nimelipa 4,000 kwa vipande vipande. Nimeandika kiasi hicho hapa makusudi ili wanaonijua wanisumbue.

Jumapili iliyopita nilienda Seme. Mama mkubwa alinipa chai, chumvi ya mboga ikatoka kwa Babe kama kawaida. Kibandani dada alikuwa amebandika karatasi kwenye mlango: oda za Krismasi mwisho tarehe 25 Novemba, nusu mbele, zenye jina pesa zote. Maandishi mazuri kuliko ya maonyesho. Akaniambia niipige picha niiposti vile ilivyo, nisiongeze maneno yangu matamu.

Nikamwambia kwamba mimi pia nataka moja, ya omena, iandikwe jina la mama yangu. Akachukua chupa safi kwa kitambaa, akaiinua kwenye mwanga kuangalia kama ina alama za vidole.

“Omera, umetuma?”

Nikatuma hapo hapo nikiwa nimesimama mlangoni. Alisubiri hadi simu yake ikalia, akasoma ujumbe wote, ndipo akashika brashi.